Sawa Moja na Gia Tano

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimekubali jambo. Sijui ni jambo gani.

Ilikuwa hivi. Tunatoka kwa mama mkwe, mimi usukani, mwenzangu pembeni, pikapu inalia. Inalia kweli! Miaka mitatu iliyopita tuliitoa injini ya petroli tukaweka ya dizeli, lakini giaboksi ikabaki ile ile ya gia nne, na injini ya dizeli haipendi kukimbizwa. Ukifika sitini inapiga mayowe kama imefumaniwa. Mafuta inakunywa kidogo, hilo nalisifu popote. Lakini ndani hamsikilizani. Tumezoea. Yeye anasema, mimi naona midomo, naitikia "Sawa."

Leo midomo ilisema kwa muda mrefu. Kuanzia kituo cha mafuta mpaka daraja la pili. Neno nililodaka ni moja tu: Jumamosi. Akamaliza, akanitazama, akasubiri. Nikasema, "Sawa." Kwa sauti nzuri, nzito, ya mwenye nyumba.

Akageukia dirishani. Akafuta macho. Nikadhani vumbi. Kisha akaniwekea mkono begani, ukakaa hapo mpaka tunafika. Mkono wa namna hiyo sijauona tangu mwaka tuliooana.

Wahenga wanasema kuuliza si ujinga. Wahenga hawakuwahi kuitikia "Sawa" miaka mitatu mfululizo. Nikiuliza ya leo, atataka kujua na ya jana. Ndivyo mlango wetu ulivyopakwa rangi ya kijani. Ndivyo mama mkwe alivyokuja kwa siku tatu akakaa wiki tisa. Kote huko nilikubali mwenyewe, naambiwa.

Siulizi! Nitatumia akili.

Nimejilaza kwenye kochi, natazama dari. Nawaza gia ya tano. Unaipachika, injini inashusha pumzi, barabara inalainika, miti inapita polepole, na mtu aliye pembeni yako anaongea kwa sauti ya sebuleni. Nimesinzia nikiwa bado kwenye ya tano.

Jumatatu, 4 Agosti

Mwenzangu mpole ajabu. Chai ameniletea mpaka karakana. (Mimi ni fundi redio. Karakana ni chumba chetu cha mbele, chenye dirisha la barabarani.) Akasimama akiniangalia nikilehemu waya. Akaniambia nisiwe nakaa na njaa mchana, niwe nakumbuka kula. Akaondoka. Kuingia chumbani, sanduku kubwa limeshushwa kutoka juu ya kabati! Limepanguswa. Liko wazi kitandani, tupu.

Nimelizunguka mara mbili. Nimekubali tuwe na wageni? Nimekubali kuligawa?

Saa nne jirani akampa mwenzangu lifti kwenda kununua mbegu za kitalu chake cha miche, kile cha nyuma ya nyumba yetu. Jirani huyu mtaa mzima unamwita Otomatiki, kwa sababu ya kigari chake kisicho na klachi, kimya mpaka paka hawajisumbui kukikimbia. Mstaafu, ana muda. Wamepita chini ya dirisha langu, vioo vimeshushwa. Wanaongea! Mwenzangu anacheka! Nimejiunguza kidole.

Basi. Gia ya tano si ndoto tena, ni vita. Mpango wenyewe: nabadilisha giaboksi kabla ya Jumamosi. Namchukua mke wangu matembezi. Kwenye utulivu ule namwambia, "Hebu irudie ile habari ya Jumapili, uliisema vizuri mno." Anarudia. Nasikia. Hakuna aliyeaibika.

Mchana nikaenda kwa muuza vyuma chakavu. Anayo! Giaboksi ya dizeli, gia tano. Nikaijaribu gia moja moja kwa mkono wangu mwenyewe, maana yule bwana ana mchezo wa kuihesabu rivasi na kuiita ya tano. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na rivasi juu yake! Nikambadilishia kwa redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili, ambayo mteja mmoja aliileta kutengenezwa mwaka juzi akapotea. Muuza vyuma alitabasamu mno. Watu hunifurahia ninapofanya biashara.

Jumanne, 5 Agosti

Gereji ya Mama Spana, mtaa wa chini. Mama Spana hana maneno mengi. Aliitazama giaboksi, akanitazama mimi. Akauliza imetoka kwenye gari gani. Nikasema la dizeli. Akasema dizeli si jina la gari. Nikamwambia dada, hebu fanya haraka, hili ni jambo la kufa na kupona. Akavaa ovaroli.

Saa sita akanipigia simu. Kengele iliyopo haiingiani na giaboksi mpya, nilete ile kengele nyingine niliyopewa pamoja na injini. Kengele! Nikapekua karakana nzima. Nikaipata ya mlangoni, ya betri, inalia vizuri sana. Nikaifunga kwenye gazeti nikaipeleka mwenyewe. Mama Spana akaibonyeza. Ikalia. Gereji nzima wakavunjika mbavu, mmoja akakaa chini kabisa. Kumbe kengele kwao ni lile dude la chuma, pana huku jembamba kule, linalounganisha injini na giaboksi. Ningejuaje? Mimi nikimtuma yeye kondensa ya redio ataleta nini?

Kuikumbuka, nikaikumbuka. Iko nyumbani, uani. Mwenzangu kapanda mdimu ndani yake! Miaka mitatu! Mizizi imejaa kila tundu la bolti. Nikasubiri aingie kuoga. Nikaung'oa mdimu taratibu, nikauhamishia kwenye sufuria yenye mpini mmoja, nikauficha nyuma ya tangi la maji. Nimeuomba radhi. Majani yameinama, lakini haukusema kitu.

Jioni amenipigia shemeji, dada yake mke wangu, anayeishi mji mmoja wa milimani. Si kawaida yake kunipigia mimi. Akasema, "Asante sana shemeji, una moyo mkubwa." Nikamwambia wala usijali, ndivyo nilivyo. Akashukuru tena, sauti ikitetemeka.

Nimetoa nini jamani? Figo?

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshinda uvunguni mwa pikapu. Mama Spana alitaka mtu wa kushikilia tu, asiguse kitu kingine chochote. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi nimelala chali kabisa.

Kule chini ni kuzuri, sikujua. Kuna ubaridi. Mwanga unaingia kwa vipande. Tone la oili linajikusanya, linanenepa, linasita, linadondoka. La pili linaanza kujikusanya. Nikaiona barabara ndefu, nyeupe. Mke wangu yuko pembeni, anaongea, kama alivyokuwa akiongea zamani kabla ya dizeli, akisimulia habari bila mwisho, akiigiza sauti za watu. Nikafungua mdomo nimjibu. Nikavutwa miguu. Mama Spana alisema nimekoroma mpaka wakadhani beringi imekufa. Mungu ashukuriwe, kumbe giaboksi muda wote ilikuwa imeshikwa na jeki, si mimi.

Propela shafti, lile bomba la kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa ndefu mno, ikakatwa vidole vitatu na kuungwa upya. Tulipokuwa tunasubiri ipoe, nikamsimulia Mama Spana siri yote, sijui hata kwa nini. Alifuta mikono kwa muda mrefu. Akaniuliza kama kweli naona ni rahisi kubadilisha giaboksi kuliko kumuuliza mke wangu alisema nini. Nikasema rahisi mara mia. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia hili la kwangu haliumwi, linasubiri utulivu tu.

Nyumbani mwenzangu akauliza gari liko wapi. Nikasema linasafishwa. Akauliza, kwa ajili ya Jumamosi? Nikasema ndiyo. Akanitazama vile tena, mpaka nikaona aibu bila kujua ya nini.

Sanduku limejaa nusu. Nimelichungulia. Magauni manne, koti zito, viatu vya shambani. Vyote vyake. Vyangu hamna hata soksi. Hamu ya kula imekatika.

Alhamisi, 7 Agosti

Giaboksi imeingia! Klachi laini, haina kelele! Kuna jambo moja dogo tu. Mkono wa gia umetokea upande wa abiria.

Kumbe gari ilikotoka lilikuwa la usukani wa upande wa pili. Mama Spana anasema ndiyo maana aliniuliza ni gari gani, nikamharakisha. Mkono umechomoza sakafuni mbele ya goti la abiria, umesimama bila haya. Dereva akitaka kuufikia lazima alale kwenye kiti, na akilala haoni njia. Nimekuja nao nyumbani kwa gia ya kwanza tupu. Bibi mwenye mkongojo alinipita, tena alisimama njiani kusalimiana na mtu.

Sikukata tamaa. Nikamwambia mwenzangu twende matembezi. Mimi nitashika usukani na kukanyaga klachi, yeye atabadilisha gia nikimwita. Alicheka! Akafunga kitambaa kichwani, akapanda. Leseni anayo, tena aliipata jaribio la kwanza. Mimi la tatu. Nikaita mbili, akaweka. Nikaita tatu, akaweka. Mkono mwepesi huo! Tulipotoka nje ya mji nikaacha kuita. Mimi nakanyaga, yeye ameshajua. Barabara nyoofu, jua la alasiri, mashamba pande zote mbili. "Tano," nikasema polepole, nikiogopa kuiamsha.

Ikaingia.

Jamani! Injini ilishusha sauti ikabaki inaguna tu huko chini. Nikasikia upepo. Nikasikia matairi. Nikasikia bangili za mke wangu, ambazo nilisahau kama zina sauti. Tulielea. Nikaomba barabara isifike popote.

Halafu nikakumbuka kazi iliyonileta. Nikamwomba airudie ile habari ya Jumapili, aliisema vizuri mno. Akaona haya kidogo. Akarudia.

Dada yake amepata kazi ya kuotesha miche ya kupandwa kwenye miteremko yote ya kule kwao. Miezi minne. Anahitaji mtu anayejua vitalu, na gari la kubeba udongo na miche. Amemwomba yeye na pikapu. Anaondoka Jumamosi. Mimi nabaki na karakana na kitalu cha hapa, namwagilia. Jumapili alinieleza yote hayo, na mimi nikasema "Sawa" bila hata kukunja uso.

Miezi minne! Nilitaka kufunga breki katikati ya barabara. Sitaki! Nani atanisimulia watu kwa sauti zao? Lakini mwanamume akishasema sawa, maji yameshamwagika, hayazoleki.

Akaendelea, kwa sauti ndogo, na kila neno nalisikia. Alisema alikuwa amejiandaa wiki nzima kwa mabishano. Alitegemea nibishe. Hata kidogo tu. Nilivyokubali palepale alishukuru, akalia, na mpaka leo hajui alilia kwa furaha au kwa nini. Nimeliwaza hili njia nzima. Mtu ategemee kubishiwa, ili iweje?

Kisha akakishika kile kirungu cha mkono wa gia, akacheka peke yake. Akasema lakini sasa gari hili haliendeshwi na mtu mmoja. Itabidi twende wote. Redio hata milimani zinaharibika. Akanitazama, akasubiri.

Nikamuuliza kama haoni giaboksi ilivyokaa vizuri. Akasema ndiyo, imekaa vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamka na furaha. Twende wote! Sijui kwa nini jana sikulijibu lile. Nimeshusha sanduku langu dogo, nimetia mashati mawili, bisibisi, mkebe wa lehemu na soksi. Nikapanga nimwambie wakati wa chakula cha mchana, nimwone atakavyocheka.

Saa tatu akaja Otomatiki. Akaizunguka pikapu, mikono nyuma. Akachungulia ndani. Akauliza kwa upole kama hii ni pikapu ya kuendeshwa kwa mkutano. Akataka kujua, dereva na msaidizi wakinuniana inakuwaje, gari linabaki kwenye gia ya pili mpaka wapatanishwe? Akasema lake halina gia ya kubadilisha hata moja na bado linafika. Watu walisimama. Muuza maziwa alicheka mpaka akashikilia ukuta, na yeye mwenyewe ana baiskeli!

Damu ikanichemka. Mke wangu aingie mji wa watu na kituko hiki? Shemeji aulize ni kazi ya nani, aambiwe ni ya mumewe? Haiwezekani! Nikabadili gia angani. Saa nne nilikuwa kwa mchomeleaji.

Moyo ulisema acha. Ulisema, mjinga wewe, mkono ukifika kwa dereva atakwenda peke yake. Niliusikia vizuri kabisa, sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Lakini mchomeleaji alikuwa ameshawasha, na cheche zilikuwa nzuri, zinaruka, zinakaa hewani kidogo, zinazimika. Nikasimama nikiziangalia kwa pembe ya jicho. Zilipokwisha, kazi ilikuwa imekwisha.

Na ni kazi! Mkono umekatwa, ukaongezwa chuma, ukapindwa mara mbili, sasa kirungu kinakuja chenyewe kwenye kiganja cha dereva. Nikapita mbele ya kibaraza cha Otomatiki nikibadilisha gia zote kwa mkono mmoja, nikimtazama. Barabara yetu ni fupi. Ya tano iliingia nikiwa ndani ya ua wa watu. Wameahidi hawatalisema lile banda la kuku.

Sanduku langu dogo nimelirudisha juu ya kabati.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumepakia alfajiri. Kreti ishirini za miche, majembe mawili, mifuko ya mbegu, sanduku. Mdimu ameuona kwenye sufuria. Hakugomba. Akasema niwe naumwagilia asubuhi, si mchana.

Akapanda upande wa abiria. Akakaa, mikono juu ya mapaja, akasubiri niingie. Nikacheka! Nikamwambia mama azunguke huku, mambo yamerekebishwa. Akashuka, akazunguka, akakaa kwenye usukani. Akakitazama kirungu. Akapitisha moja, mbili, tatu, nne, tano, gari likiwa limezimwa.

Akauliza nimefanya lini. Nikasema jana. Akauliza kama nilifikiri kwanza kabla ya kufanya. Nikasema nilifikiri sana, jambo la chuma halifanywi kwa kukurupuka. Akaninyoosha ukosi wa shati. Akasema, "Haya, baba. Umefanya kazi nzuri." Akawasha.

Nilisimama katikati ya barabara. Nikasikia mbili, nikasikia tatu. Kwenye kona nikasikia nne. Halafu, mbali sana, kwenye ile barabara nyoofu, nikaisikia ya tano inaingia. Laini! Hakuna hata msuguano! Machozi yalinitoka. Nadhani ni kwa sababu ya ile ya tano.

Baada ya hapo sikusikia kitu tena. Gia ya tano ndivyo ilivyo, ukiwa nje yake huisikii ikienda.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumba imekuwa kubwa. Nasikia bomba la jikoni linavyodondosha. Nasikia mende. Jana nimeimwagilia miche mara mbili kwa kukosa la kufanya, leo mingine imelala. Otomatiki alikuja kukaa nami. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kumwona, nikajifanya nina kazi.

Jioni akapiga simu. Ni yeye! Moyo ulinidunda, kama naposa upya. Nilikuwa nimejiandaa mambo mengi ya kusema, mengine niliyaandika nyuma ya risiti. Akaniambia amefika salama. Kuna baridi. Chumba alichopewa kina dirisha linalotazama bonde, na asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani. Akasema kitanda ni kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Nikamuuliza ya tano inaingiaje akiwa mlimani.

Kimya. Kirefu sana. Nikaita halo, halo. Nikasikia kama anavuta pumzi. Akasema inaingia vizuri. Akauliza kama sina lingine la kumwambia. Nikaitafuta risiti, sikuiona. Nikamwambia asisahau kupima oili. Simu ikakatika.

Mtandao mbovu! Milima ile inameza sauti za watu. Mazungumzo matamu kabisa yameharibika hivi hivi. Lakini mimi ni fundi, sikai nikalalamika. Nimeshachora. Nguzo ya futi thelathini, katikati ya kitalu, antena juu yake, waya mpaka karakana. Itabidi nihamishe miche mia mbili hivi, miche haina neno. Mama Spana ana mabomba marefu, kesho nakwenda kumwomba. Ikisimama nitamsikia mke wangu hata akinong'ona. Wiki mbili tu, tatu zikizidi.

Naandika haya nikiwa juu ya paa, nimekuja kupima. Hewa nzuri huku. Simu inaita tena kule chini, mezani. Ni yeye, huo ndio mlio wake. Siipokei kwanza. Nataka tukiongea, tuongee vizuri.